Rangi ya Nywele Imekosewa Saluni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa nywele, Dar es Salaam. Zamani mteja wa rangi alikuwa anaingia na picha kwenye simu, anacheka. Siku hizi wengi wanaingia wamefunga mtandio mpaka kwenye nyusi, wanaangalia kwanza nani yumo, halafu wanachagua kiti cha kona. "Da', ngoja nifungue, ila usicheke." Sicheki. Nyingine nilishaziharibu mimi mwenyewe, na nitasimulia.

Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, kitini na kwenye simu usiku wa manane. Majibu yangu ni ya nywele zetu nyeusi za kipilipili, za asili au zenye dawa ya kunyoosha. Kama saa hii kichwa kinawaka moto au macho yanavimba, shuka moja kwa moja kwenye swali la ngozi. Ya urembo yatasubiri.

Nimetoka saluni sasa hivi, rangi siyo niliyoomba. Nianzie wapi?

Anza kwa kutofanya kitu. Najua jibu hili linaudhi, hasa umelipa na kesho unaingia kazini. Lakini rangi mbaya peke yake haikati nywele. Karibu vichwa vyote nilivyoviona vimebaki na vipara vya hapa na pale, nywele zilikatika kwenye dawa ya pili au ya tatu: ile ya "tuirekebishe hapohapo", au ile ya saluni ya jirani jioni ileile.

Toka nje, simama kivulini mchana, ujiangalie tena. Taa za saluni nyingi zinadanganya. Kuna nyeupe inayovuta bluu inayofanya kahawia ionekane kijivu, na kuna ya njano inayofanya kila kitu kionekane asali. Kisha piga picha: mbele, ubavuni, kisogoni, na moja ukiwa umetenganisha nywele mizizi ionekane.

Halafu kuna jambo watu wengi hulisahau na ndilo ninalolihitaji zaidi nikija kukusaidia. Muulize fundi alichotumia. Rangi namba ngapi, divelopa (maji ya peroksaidi yanayochanganywa na rangi au blichi) namba ngapi, blichi (dawa ya kuutoa weusi wa nywele) imekaa dakika ngapi, imepakwa mara ngapi. Bora zaidi piga picha maboksi yenyewe kabla hayajaingia kwenye ndoo ya taka. Ukimuuliza baada ya mwezi atakuambia "ile ya kawaida", na ya kawaida haina maana yoyote.

Niliomba blondi, nimetoka na rangi ya machungwa. Fundi kakosea?

Pengine. Pengine ameishia njiani tu.

Umewahi kusimama kwa mhunzi? Chuma kikiingia motoni kinakuwa chekundu kwanza, kisha cha machungwa, kisha cha njano, mwisho kinakaribia weupe. Hakiruki hatua. Unywele mweusi ndani ya blichi unapita njia hiyohiyo: kahawia yenye wekundu, nyekundu, machungwa, njano iliyokolea, mwisho njano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Mafundi tunazihesabu ngazi hizo kutoka 1, nyeusi ti, hadi 10. Nywele zetu nyingi zinaanzia 1 au 2. Machungwa unayoyaona kwenye kioo ni ngazi ya 6 au ya 7. Blondi ya kwenye picha yako ni 9 au 10, na juu yake imepakwa tona, rangi nyepesi ya kuua umanjano. Kwa hiyo umeshatembea zaidi ya nusu ya safari, ila umeshushwa kituo ambacho hukukitaja.

Kosa la fundi, kama lipo, mara nyingi liko mdomoni kuliko mkononi. Alipaswa kukwambia kwamba kutoka nyeusi mpaka blondi ni safari ya zaidi ya siku moja. Anayekuahidi yote kwa saa tatu atafanya nini blichi ikigoma? Atachukua divelopa kali. Namba kwenye chupa zina maana: 10 ina peroksaidi asilimia 3, 20 ina asilimia 6, 30 ina 9, na 40 ina 12. Hiyo 40 pamoja na unga wa blichi juu ya ngozi ya kichwa, chini ya draya, ndiyo inayoleta vidonda. Fundi mvumilivu anatumia 20, anakagua kila baada ya dakika chache, na rangi ikisimama anaosha na kukupa tarehe nyingine.

Sasa angalia machungwa yako. Yakiwa sawasawa kichwa kizima na nywele bado zina nguvu, una njia mbili. Unaweza kupumzika wiki tatu au zaidi, ukijaza unyevu, kisha uende raundi ya pili. Au ubaki hapo na upakwe kahawia ya asali au rangi ya shaba juu yake. Mimi, nikiulizwa ushauri wa bure, nasema baki hapo. Asali kwenye ngozi ya maji ya kunde inapendeza kuliko ile blondi uliyoiota, na haikulazimishi kurudi kila wiki tano kufukuza mizizi.

Na tusemezane ukweli: nyingi ya picha za blondi mnazoniletea ni wigi.

Niliomba damu ya mzee, nimelipa, lakini haionekani mpaka nisimame juani. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, umepakwa rangi juu ya nyeusi bila kuitoa nyeusi kwanza. Rangi yenye divelopa ya 20 inapandisha nywele ngazi moja au mbili tu. Kutoka 1 kwenda 2 au 3, nani ataona? Jua likiipiga ndiyo wekundu unajitokeza, na kuna wanaoipenda hivyo, kwa sababu ofisini ni nyeusi na ufukweni ni damu ya mzee. Ukitaka ionekane hata gizani, nywele zipandishwe mpaka ngazi ya 4 au 5 kwanza. Habari njema ni kwamba hapo hakuna haja ya kwenda mbali, wekundu unatafuta wekundu.

Kama nywele zako zilishapakwa nyeusi ya boksi zamani, hesabu inabadilika. Rangi haing'oi rangi. Boksi jipya la kahawia haliwezi kuiondoa nyeusi ya boksi la zamani. Litazama ndani yake kama chai kwenye kahawa.

Mizizi imewaka, ncha zimebaki nyeusi. Inakuwaje?

Joto la kichwa. Nywele zilizo karibu na ngozi zinapata joto la mwili, kwa hiyo blichi na rangi hufanya kazi haraka zaidi pale. Anayepaka kichwa kwa mara ya kwanza anatakiwa aanzie katikati na kwenye ncha, mizizi aifikie mwisho. Fundi aliyeanzia mizizini, akashika simu, akarudi kwenye ncha baada ya dakika ishirini, anakupa kichwa cha mshumaa. Hiyo inatengenezeka bila blichi zaidi: mizizi inapakwa rangi ya chini kidogo iungane na ncha. Watu wengi hutoka wakiipenda kuliko mpango wa awali, na mizizi ikiota haipigi kelele.

Kwa nini nisipake tu nyeusi juu yake, mambo yaishe?

Kwa sababu hayaishi. Nyeusi ya boksi ni mlango wa kuingilia usio na wa kutokea. Miezi minne baadaye utataka kahawia, na utaanza safari ya blichi upya, safari hii ukipambana na weusi wa nywele na weusi wa boksi pamoja.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi. Nywele zilizopita kwenye blichi zimekuwa kama sifongo, na wekundu wao wa asili umetolewa. Ukizimwagia kahawia au nyeusi ya baridi, ile isiyo na wekundu, bila kuurudisha kwanza wekundu huo, zinaweza kutoka kijani cha matope, halafu baada ya kuosha mara tatu nne zinatoa rangi yote na unabaki na kitu kama jivu. Fundi anayejua kazi hutangulia na rangi ya joto, nyekundu au ya shaba, ndipo anafuata kahawia. Kama lazima urudi kwenye giza, chagua kahawia iliyokolea, isiyo ya kudumu, isiyo na amonia. Kwa jicho la mtu barabarani ni nyeusi. Kwako wewe ni mlango ulioachwa wazi.

Shampuu ya zambarau itanitolea machungwa?

Haitatoa. Zambarau inaua njano. Machungwa yanauawa na bluu. Wekundu unauawa na kijani. Watu wananunua chupa ya zambarau Kariakoo, wanajipaka mwezi mzima kwenye machungwa, kisha wanasema ni feki. Siyo feki, ni ya ugonjwa mwingine. Tafuta ya bluu. Nayo inapunguza ukali tu, haifanyi machungwa yawe blondi.

Limau, magadi soda, sabuni ya vyombo, jiki?

Limau na jua vinakausha. Magadi soda yana ualikali unaofungua magamba ya unywele, na nywele zilizotoka kwenye blichi magamba yake tayari yako wazi kama mlango wa daladala. Sabuni ya vyombo inaweza kupunguza rangi ambayo imekolea mno, lakini shampuu ya kusafisha kwa kina inafanya kazi hiyohiyo bila kukuachia nywele za katani. Ukitoka saluni na rangi iliyokolea kupita ulivyotaka, ioshe mara mbili tatu ndani ya wiki ya kwanza kwa shampuu hiyo, weka kondishena nzito, na usiihukumu kabla ya hapo. Rangi mpya mara nyingi inatulia.

Jiki ni ya choo na mashuka. Klorini yake inayeyusha unywele wenyewe, na sisemi kwa mafumbo: ukiuloweka unywele ndani yake unaisha. Usiiweke kichwani hata tone.

Kuna pia dawa za kuondoa rangi zinazouzwa madukani, zisizo na blichi. Hizi zinavunja chembe za rangi ya kudumu zitoke kwa maji. Zinasaidia kama shida ni boksi lililokolea. Haziwezi kuurudisha weusi wa asili uliotolewa, na usipoosha muda mrefu kama karatasi inavyosema, rangi inarudi siku ya pili ukiwa kanisani au kazini. Hapo utadhani umelogwa.

Nywele zangu zina dawa. Fundi aliniwekea dawa asubuhi na blichi mchana. Sasa zinakatika.

Pole sana. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa hiyo nivumilie.

Dawa ya kunyoosha, iwe ya sodiamu haidroksaidi, yaani lai, au ile inayoitwa haina lai, ambayo unachanganya krimu na maji yake, inafanya kazi kwa kuvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Havirudi. Blichi nayo inakuja kuvamia vilevile vilivyobaki. Kuziweka zote mbili siku moja ni kuikata kamba pande mbili kisha kuning'iniza ndoo. Hata rangi ya kawaida yenye peroksaidi inatakiwa isubiri wiki mbili au zaidi baada ya dawa. Dawa ndiyo itangulie, rangi ifuate, maana dawa ikija baadaye pia inaifuta rangi. Blichi juu ya nywele za dawa mimi siweki kabisa. Nimepoteza wateja kwa msimamo huo na sijutii.

Kwa sasa: hakuna dawa nyingine ya aina yoyote, hakuna pasi, hakuna draya ya moto mkali. Usisuke rasta wala yeboyebo za kuvuta "zipumzike"; nywele dhaifu zikivutwa zinang'oka pale pale zilipochakaa. Mafuta ya nazi usiku kabla ya kuosha yanasaidia kweli, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele na kuupunguzia kupoteza protini. Bibi zetu walikuwa sahihi hapo. Na ukifika mahali unaokota nywele kila ukipitisha chanuo, kata. Loo-kati nzuri ya wiki hii inakupa nywele nzima mwakani, wakati kung'ang'ania urefu unaokatika kunakupa ncha mbovu mwaka mzima na miaka inayofuata.

Nitajuaje kama zimeharibika kweli au zimekauka tu?

Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukinyumbuka kidogo na kurudi, una bahati. Unahitaji unyevu na subira. Ukikatika papo hapo bila kunyumbuka, umekauka, punguza protini na ongeza kondishena ya unyevu na stimu ya joto la wastani. Ukinyumbuka na kuendelea kunyumbuka kama ubani uliotafunwa, kisha ukakatika, hapo muundo wa ndani umeoza. Matibabu ya protini na zile dawa za kuunganisha viungo vya unywele zinaweza kukushikiza kwa muda. Haziufufui. Unywele nje ya ngozi hauna uhai, haujitibu kama kidonda, na yeyote anayekuuzia mafuta ya "kuponya nywele" anakuuzia mng'ao.

Ngozi inawasha, imetoa malengelenge, uso umevimba. Ni kawaida?

Si kawaida hata kidogo. Tenganisha mambo mawili.

Kuungua ni kwa hapohapo: ulisema "inachoma", ukaambiwa "vumilia, ndiyo inashika". Osha kwa maji mengi ya bomba yasiyo ya moto, dakika ishirini, usipake dawa ya meno wala asali, na kikibaki kidonda nenda hospitali.

Mzio ni kitu kingine. Mara nyingi unakuja siku moja hadi tatu baadaye: muwasho wa kichwa, masikio na shingo, macho kuvimba mpaka yafunge, malengelenge. Mhusika mkuu ni kemikali inayoitwa PPD, iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi. Na sisi watu wa pwani tuna njia yetu ya kukutana nayo mapema: piko. Piko nyingi tunazochorwa kwenye harusi ni unga wa rangi nyeusi ya nywele uliokorogwa na maji, ukapakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Ulaya PPD hairuhusiwi kabisa kuchorea ngozi, na kwenye rangi ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2 ikishachanganywa. Mtu ambaye piko lilimtoa malengelenge akiwa msichana anaweza kupakwa rangi nyeusi miaka kumi baadaye na mwili ukamkumbuka vibaya. Mzio huo hauishi.

Ukivimba uso, osha, nenda hospitali, na beba boksi au picha yake. Ukishindwa kupumua au midomo na ulimi vikivimba, usingoje asubuhi. Na mwambie kila fundi maisha yako yote. Ndiyo maana jaribio la kupaka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla si mapozi, ingawa saluni nyingi, yangu ikiwemo enzi zile, tulikuwa hatulifanyi kwa sababu mteja amekuja leo na hela ni leo.

Nilikuwa na hina. Ina tatizo?

Hina safi ya majani haina tatizo na rangi, ila inang'ang'ania na inageuka machungwa ya ukaidi chini ya blichi. Tatizo ni "hina" za pakiti zilizochanganywa na chumvi za metali. Zikikutana na peroksaidi zinaweza kuchemka, kutoa joto kichwani, na kuunguza nywele. Sema kabla hujakaa.

Nirudi kwa fundi yuleyule?

Kama kosa ni la rangi tu, ndiyo, na ndani ya siku chache. Yeye ndiye anayejua alichoweka, na heshima yake iko kichwani mwako ikitembea mtaani. Kama kakuunguza, alikataa kukusikiliza ulipolalamika, au anakwambia "turudie blichi leoleo", usirudi kwa kazi. Rudi kwa hela.

Namna ya kusema ina kazi yake. Mfuate asubuhi kabla wateja hawajajaa, au mpigie kwanza. "Dada, asante kwa kazi ya juzi, ila rangi haijatoka tulivyokubaliana. Nimekuja tuone pamoja." Weka picha uliyompa na picha uliyopiga kivulini upande kwa upande, halafu nyamaza. Ukiingia na sauti ya juu mbele ya watu, atajitetea hata pale anapojua amekosea, mimi ningejitetea. Mwambie unachotaka hasa: arekebishe bure baada ya wiki tatu, alipe gharama ya fundi mwingine, au arudishe sehemu ya hela. "Nifanyie kitu" si ombi linalojibika.

Akikataa, sheria inanisaidia?

Inasaidia zaidi ukiwa na ushahidi: ujumbe wa malipo ya simu, mazungumzo ya WhatsApp kabla ya kazi, picha, na karatasi ya daktari kama uliumia. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kama shaka yako ni bidhaa yenyewe, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Kwa vitendo, migogoro mingi ya elfu hamsini na elfu themanini niliyoishuhudia imeishia ofisi ya serikali ya mtaa, kwa soda na maneno.

Kenya mna njia fupi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia akiumia, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Walio Uingereza, sheria yenu ya walaji ya 2015 inasema huduma ifanywe kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha. Isipofanywa hivyo, una haki ya kurudiwa kazi au kupunguziwa bei.

Nina harusi Jumamosi. Nifanye nini?

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja bibi harusi siku ya Alhamisi na kichwa cha machungwa yenye madoa, kazi ya saluni nyingine. Nikaona aibu kusema siwezi. Nikaweka blichi tena, ikatoka njano hapa na machungwa pale, nikaongeza ya tatu. Ijumaa asubuhi akanipigia, analia, nywele za utosini zimebaki kwenye mto. Alifunga ndoa na wigi nililomnunulia mimi. Picha zake ni nzuri sana. Mimi bado siwezi kuziangalia.

Kwa hiyo: wigi, kilemba, ushungi, au nywele za kubana nyuma na ua. Au rangi isiyo ya kudumu, isiyo na peroksaidi, iliyo karibu na giza, ya kufunika kwa siku hiyo tu. Hizo zote zinaweza kufanyika Ijumaa. Blichi hapana.

Rangi ilikuwa nzuri wiki ya kwanza, sasa imegeuka. Fundi katumia rangi mbovu?

Uliza maji kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi, tunayoogea wengi hapa Dar, yanaziacha nywele ngumu na butu, na rangi inachuja. Jua na maji ya bahari vinaichuja pia. Kijani cha bwawa la kuogelea kinatokana na shaba iliyomo kwenye maji, na kinashika zaidi nywele zilizopita kwenye blichi. Lowesha nywele kwa maji safi na upake kondishena kabla ya kuingia bwawani, uzioshe ukitoka. Maji ya mvua, ukiyapata, ndiyo bora ya kuoshea. Punguza kuosha, punguza moto.

Kila mtu anasema imenipendeza, mimi siipendi. Nina kasoro?

Huna. Jipe siku saba, badilisha rangi ya nyusi na mdomo, vaa nguo zako za kawaida ujiangalie. Kama bado, bado. Wewe ndiye unayeamka nayo.

Itachukua muda gani kuota yote?

Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine zaidi kidogo. Za kipilipili zinajikunja kwa hiyo unaziona fupi, lakini zinaota. Ukipunguza ncha kila miezi miwili, nywele za mabegani zinahitaji kama miaka miwili kutoa rangi yote. Loo-kati inahitaji miezi mitatu.

Fundi mpya ananihoji kama polisi. Lazima nimwambie yote?

Yote, hata yale unayoyaonea haya. Dawa ya mwisho lini, boksi la miaka miwili iliyopita, hina ya Idi, piko lililokuwasha, ile blichi uliyojaribu nyumbani na dada yako. Kama nywele zako zinafika mabegani, ncha zake zina karibu miaka mitatu, na zina kila ulichowahi kuzifanyia.

Na kabla hajagusa kichwa, mwombe ajaribu kwenye kishungi kidogo kisogoni, au kwenye nywele zako zilizodondoka. Usizitupe zinazobaki kwenye kitana wiki hii. Zifunge kwenye karatasi laini uje nazo.